Taa Husomwa Mara Mbili: Umbo na Mwanga katika Kazi za Wabunifu wa Ufini

Anayehakiki shairi hulisoma kwa sauti kabla ya kulitolea hukumu. Anayehakiki taa hana budi kuiwasha. Taa ina maumbo mawili. La kwanza ni la mchana, ikiwa imezimwa: umbo la metali, kioo au plastiki inayoning'inia darini au kusimama kando ya kiti. La pili ni la usiku, ikiwa imewashwa: hapo kitu chenyewe hujificha nusu, na mwanga huchukua nafasi yake mezani, ukutani na usoni mwa watu. Taa dhaifu huwa na umbo moja tu kati ya hayo. Ama ni pambo zuri linalochoma macho likishawashwa, ama ni chombo kinachoangaza vizuri ambacho mchana hakuna anayependa kukitazama. Taa iliyofaulu ni ile ambayo umbo lake la mchana linatabiri la usiku, na la usiku likathibitisha la mchana.

Kwa kipimo hicho nataka kuzisoma taa zilizobuniwa Ufini tangu miaka ya 1930 hadi 1960: kazi za Paavo Tynell, Alvar na Aino Aalto, Lisa Johansson-Pape, Yki Nummi na Tapio Wirkkala. Taa za asili za wabunifu hawa leo hugombewa minadani, na wengi wanaozitamani huzijua kwa picha tu, shaba ikimeremeta na balbu ikiwa baridi. Naona picha za namna hiyo zinatupotosha. Ubora wa taa hizi uko katika jinsi zinavyougawa mwanga mafungu, kila fungu likapelekwa mahali pake: fungu la meza, fungu la uso, fungu la dari. Umbo lilitokana na mgawanyo huo. Pale umbo lilipouacha mgawanyo na kwenda zake, hata mikononi mwa fundi mkubwa, taa ilipungukiwa.

Nchi ya usiku mrefu

Helsinki iko karibu na nyuzi 60 kaskazini mwa ikweta. Katika siku fupi zaidi za Desemba mchana wake haufiki saa 6, na huko Utsjoki, kaskazini kabisa mwa nchi, jua likishazama mwishoni mwa Novemba halionekani tena hadi katikati ya Januari. Mwezi wa Juni mambo hugeuka: Helsinki hupata mchana wa takriban saa 19, na kaskazini jua halichwi kwa wiki nyingi.

Hali hiyo huipa taa majukumu mawili yaliyotengana kabisa. Wakati wa baridi taa huwashwa asubuhi watu wakinywa kahawa, huwaka tena alasiri watoto wakitoka shule, na huendelea hadi saa za kulala. Mtu huishi nayo ikiwa imewaka kwa sehemu kubwa ya saa anazokuwa macho. Wakati wa kiangazi taa hiyohiyo huning'inia wiki baada ya wiki bila kuguswa, ikitazamwa kama kitu cha chumbani, sawa na kiti au mtungi wa maua. Basi mbunifu wa Ufini hakuweza kuchagua umbo moja na kulipuuza la pili. Kalenda ya nchi yake ilimdai yote mawili.

Jambo la pili lililomkabili lilitoka kwenye balbu. Mwali wa kibatari au mshumaa unaweza kutazamwa bila madhara, na chengeu yake, yaani kile kifuniko cha taa, kazi yake kubwa ilikuwa kuukinga na upepo. Uzi wa balbu ya umeme ni kitu kingine. Ni kiwaya chembamba kinachopashwa moto kupita nyuzi 2,000 za Selsiasi, na mwanga wote hutoka kwenye nukta hiyo ndogo. Ukiutazama unakutia kiwi, na hata ukiutupia jicho kwa pembeni tu unakuchosha. Chengeu ya umeme ikawa na kazi mpya: kulikinga jicho.

Huko Denmark, Poul Henningsen alikuwa amelishughulikia swali hilo tangu miaka ya 1920 kwa vifuniko vya tabaka kadhaa, kila kimoja kikiwa na mpindo uliokokotolewa ili miale isambae bila balbu kuonekana. Wafini waliijua kazi hiyo. Wao walichukua njia yao: walitoboa, wakapanga pete juu ya pete, na hatimaye wakatafuta malighafi ambayo yenyewe inapitisha mwanga. Njia hizo tatu, tundu, pete na ukungu, ndizo sarufi ya taa za Ufini.

Tynell na tundu

Paavo Tynell alizaliwa Helsinki mwaka 1890 na alijifunza ufundi wa metali kabla ya kuitwa mbunifu. Mwaka 1918, nchi ikiwa imejitangazia uhuru miezi michache tu iliyotangulia, alishirikiana na wenzake kuanzisha karakana ya Taito Oy. Taifa jipya lilikuwa linajenga majumba yake, na majumba yalihitaji taa. Kazi za Taito ziliingia hadi Jumba la Bunge lililofunguliwa mwaka 1931. Kadiri miaka ilivyosonga, Tynell aliacha uzito wa chuma kilichofuliwa na kujifunga na shaba ya njano, iliyofanywa bati jembamba kiasi cha kupinda kwa kidole.

Tuchukue taa ya kawaida ya mkono wake, mojawapo ya zile za kusimama. Chengeu ni bati la shaba lenye umbo la kofia pana. Fimbo yake imezungushiwa henzirani au ngozi pale mkono unapoishika. Juu ya chengeu, au kuuzunguka ukingo wake, kuna safu za matundu madogo yaliyopangwa kwa mpango kamili: mengine duara, mengine kama punje, yakikaribiana kuelekea juu na kuachana kuelekea chini. Mchana mtazamaji huyachukulia kuwa nakshi tu, na kweli ni nakshi. Lakini tuiwashe.

Chengeu ya metali isiyo na tundu, ikiwashwa usiku, hufanya jambo la ajabu: yenyewe hutoweka. Mdomo wake wa chini unawaka, lakini mwili wake, ukilinganishwa na mwanga huo, huonekana kama doa jeusi. Jicho linaruka kutoka weupe mkali hadi giza, na huo mruko ndio unaochosha kuliko wingi wa mwanga wenyewe. Matundu ya Tynell hayaongezi mwanga wa kusomea, kwa maana kinachopita humo ni kidogo mno. Yanachofanya ni kujaza hatua kati ya weupe na giza. Kila tundu ni taa ndogo, na safu zake zinachora upya mwili wa chengeu gizani, mstari kwa mstari. Kwa njia hiyo taa inabaki ikionekana hata inapowaka. Jicho linapata ngazi ya kushukia.

Hapo ndipo nakshi na kazi zinakuwa kitu kimoja. Ukiyaziba matundu, hupotezi pambo tu, unapoteza starehe ya jicho. Shaba nayo ina fungu lake: sehemu ya mwanga wa balbu hugonga ndani ya chengeu kabla ya kutoka, na hutoka ikiwa imebeba unjano wa metali. Chumba chenye taa ya Tynell hupata joto la rangi ambalo halikutokana na balbu peke yake.

Vita vilimtia Tynell katika dhiki iliyozaa matunda. Ufini ilipigana na Umoja wa Kisovieti mwaka 1939 hadi 1940, kisha 1941 hadi 1944, na baada ya hapo ikalipa fidia ya bidhaa, nyingi zikiwa meli na mashine, hadi mwaka 1952. Metali ilikuwa adimu. Wepesi wa kazi zake za wakati ule, bati jembamba, fimbo nyembamba, henzirani na kitambaa mahali pa shaba, una sehemu yake katika uhaba huo. Msomaji wa umbo asidhani kwamba kila wembamba ni chaguo la uzuri. Mwingine ni wa ghala lililokuwa tupu. Sifa ya fundi ni kwamba hatuuoni uhaba, tunaona wepesi.

Mwaka 1948 taa zake zilifika New York kupitia Finland House, jumba la kuonyesha na kuuza bidhaa za Ufini, na Wamarekani wakazipenda. Kampuni ya Lightolier iliziuza huko, na nyingine ziliwekwa katika ofisi ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Kipindi hicho ndicho kilichozaa thurea zake mashuhuri kuliko zote, zile zinazoitwa Lumihiutale, Chembe ya Theluji: katikati kuna chanzo cha mwanga kilichofunikwa, na kuzunguka hapo nyaya nyembamba za shaba zinatawanyika zikiwa zimebeba vipande vidogo vya shaba vilivyokatwa kama theluji au maua.

Ni kazi za mkono wenye ustadi usio na shaka, na ndizo zinazopanda bei minadani. Hata hivyo, kwa kipimo tulichojiwekea, naziweka daraja la pili. Mtetezi wake atasema kwamba vipande vile hudaka miale na kuitawanya, na atakuwa amesema kweli kwa kiasi chake. Lakini ondoa nusu ya vipande: mwanga wa chumba haubadiliki. Ongeza vingine: haubadiliki pia. Idadi yake inaamuliwa na fahari, haiamuliwi na jicho linalohitaji kupumzika. Katika taa ya kusimama ya Tynell, tundu moja likizidi au kupungua mpango unavurugika. Katika thurea ile, umbo la mchana limeanza kuishi peke yake. Mwaka 1953 Taito ilichukuliwa na kampuni ya Idman, na enzi ya karakana ile ikafungwa. Ninayemwona mkubwa ni Tynell wa chengeu, kumpita Tynell wa theluji.

Aalto na pete

Alvar Aalto alifika kwenye taa akitokea kwenye mgonjwa na msomaji. Sanatoria ya Paimio, iliyokamilika mwaka 1933 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, ilibuniwa kwa kumfikiria mtu aliyelala chali siku nzima. Mtu huyo anatazama dari. Taa ya katikati ya dari, ambayo aliyesimama haimsumbui, kwake ni adhabu. Aalto aliipaka dari rangi tulivu na akaweka taa mahali ambapo macho ya mgonjwa hayaifikii moja kwa moja.

Miaka miwili baadaye ikafunguliwa maktaba ya mji wa Viipuri, ambao baada ya vita ukawa upande wa Urusi na leo huitwa Vyborg. Paa la ukumbi wa kusomea lina madirisha 57 ya duara, kila moja likiwa na kipenyo cha takriban mita 1.8, na kina chake ni kirefu kiasi kwamba miale ya jua haishuki moja kwa moja hadi mezani. Hugonga kwanza kuta za tundu na kushuka ikiwa imelegea. Kwa kuwa mwanga unatoka pande nyingi kwa pamoja, mkono wa msomaji hautupi kivuli kikali juu ya ukurasa, popote alipokaa. Aliyeielewa dari ya Viipuri ameshazielewa nusu ya taa za Aalto: kila taa yake ni jaribio la kuirudisha dari ile ndani ya kitu kinachobebeka.

Kengele ya Dhahabu, yenye namba A330S katika orodha ya kampuni ya Artek, ilitengenezwa kwa ajili ya mgahawa wa Savoy jijini Helsinki, ambao Alvar na Aino Aalto waliupamba mwaka 1937. Ni kipande kimoja cha metali kilichofinyangwa kuwa kengele, bila kiungo kinachoonekana, na kwenye ukingo wa chini kuna mzunguko wa matundu. Mchana ni umbo lililofunga mdomo: mstari mmoja unashuka, unapanuka, unaisha. Usiku ukingo unajivika utepe wa mwanga, na meza iliyo chini inapata fungu lake kubwa bila walaji kuona balbu. Ni taa ya sentensi moja, na sentensi hiyo haina neno la ziada.

Miaka ya 1950 ilileta kazi tata zaidi. A110, ambayo watu waliipa jina la Guruneti, ilibuniwa mwaka 1952 kwa ajili ya jumba la chama cha wahandisi jijini Helsinki: mcheduara mwembamba wenye pete chini, unaomwaga mwanga kwa wima na kuficha chanzo. Bawa la Malaika, A805, ya mwaka 1954, ilibuniwa kwa ajili ya Taasisi ya Taifa ya Pensheni: taa ya kusimama ambayo chengeu yake ni vipande vyembamba vilivyopangwa kwa wima na kujipinda kama bawa. Kati ya hizo mbili, mwaka 1953, kuna A331 iliyobuniwa kwa ajili ya chuo cha Jyväskylä, ambayo wote huiita Mzinga wa Nyuki. Hapo inafaa kukaa zaidi.

Mzinga wa Nyuki ni pete za alumini zilizopangwa moja juu ya nyingine, nyembamba juu, pana tumboni, zikirudi ndani kidogo kuelekea mdomo. Kati ya pete na pete kuna ukanda mwembamba wa metali yenye rangi ya shaba, uliotobolewa matundu mengi madogo. Ukiitazama mchana unaona weupe wa pete, na kanda za shaba ni mistari tu inayozitenganisha. Pete ndizo neno na kanda ndizo nafasi kati ya maneno.

Sasa washa. Pete, kwa kuwa hazipitishi mwanga, zinarudi nyuma na kuwa kijivu tulivu. Kanda ambazo mchana zilikuwa mistari ya pembeni zinawaka zote kwa pamoja, na mwili wa taa unasomeka sasa kwa kanda, pete zikiwa ndizo nafasi. Mchoro ni uleule, mpangilio ni uleule, lakini kilichokuwa mbele kimekwenda nyuma na kilichokuwa nyuma kimekuja mbele. Sijui taa nyingine inayogeuza nafasi zake kwa ukamilifu namna hiyo bila kubadili hata mstari mmoja. Anayeiona mchana kwa makini anaweza kuichora ya usiku kabla ya kugusa swichi.

Mgawanyo wa mwanga nao umekamilika. Fungu kubwa linashuka mezani kupitia mdomo. Fungu la pembeni linachujwa na matundu ya kanda, na ni hafifu kiasi kwamba mtu aliyekaa mkabala na taa anaweza kuitazama bila kufumba macho. Tena umbo zima limetokana na jinsi kitu kinavyotengenezwa. Pete hufanyika kwa bati jembamba, na taa yenye tumbo kubwa inapatikana bila kufinyanga bati kubwa la kipande kimoja. Karakana ya Valaistustyö ya fundi Viljo Hirvonen, iliyotengeneza taa nyingi za Aalto za miaka hiyo, inastahili kutajwa kila anapotajwa Aalto. Pete zikikaa upande hata kwa unene wa karatasi, ukanda mmoja unawaka kuliko mwingine na usomaji wote unaharibika. Usahihi wa fundi ni sehemu ya fani hapa.

Bawa la Malaika lina ujasiri mkubwa zaidi, ila linadai chumba kikubwa na umbali wa kutosha. Likiwekwa kwenye pembe ya sebule ndogo, vipande vyake vinamwangaza jirani yake kuliko inavyofaa na umbo lake linakosa hewa. Mzinga hauna masharti hayo.

Johansson-Pape, Nummi na ukungu

Tundu na pete vyote vinakubali kwamba chengeu ni giza na mwanga lazima utafutiwe mlango. Kizazi cha kiwanda cha Orno kilijiuliza swali jingine: itakuwaje kama chengeu yenyewe ikipitisha mwanga?

Orno kilikuwa kiwanda cha taa cha duka kubwa la Stockmann, kikifanya kazi zake Kerava, kaskazini mwa Helsinki. Lisa Johansson-Pape, aliyezaliwa mwaka 1907, alianzia kwenye samani na vitambaa kabla ya kuushika uwanja wa taa katika miaka ya 1940 na kubaki nao kwa miongo mitatu. Kwake swali la kwanza lilikuwa ni nani anayefanya nini chini ya taa: muuguzi anayebadilisha bandeji, mtoto anayesoma, baharia katika chumba cha meli. Alishiriki kuanzisha chama cha wataalamu wa mwanga nchini mwake, na aliwasiliana na wahandisi kwa lugha yao.

Umbo lake la mchana ni la kujinyima. Taa yake ya Senator, ya mwaka 1947, ni kuba la metali lililopakwa rangi isiyong'aa, lenye weupe ndani, na hakuna pambo la kutajwa. Mhakiki wa haraka anaipita. Lakini uwiano wa kina na upana wa kuba lile ndio unaoamua kama aliyekaa mezani ataiona balbu au hataiona, na kina hicho kimekadiriwa kwa urefu wa macho ya mtu aliyekaa. Alipohamia kwenye kioo cheupe na akriliki alibaki na nidhamu hiyohiyo. Nadhani Johansson-Pape amepewa nafasi ndogo kuliko anayostahili, na sababu iko wazi: taa zake zinang'ara zaidi zikiwa zinatumika, na picha ya mnada haiwezi kuonyesha matumizi. Kosa ni la wanaotazama.

Yki Nummi, aliyezaliwa China mwaka 1925, alisoma hisabati na fizikia kabla ya kusomea sanaa ya rangi, na hisabati hiyo inaonekana. Taa yake ya mezani ya mwaka 1955, Modern Art, imo katika mkusanyo wa jumba la sanaa la MoMA, New York. Kiini chake ni akriliki ya aina mbili: mcheduara angavu kabisa unaosimama mezani, na chengeu nyeupe yenye ukungu inayokaa juu yake. Mchana mguu karibu hauonekani, na chengeu inaonekana kama imesimama juu ya hewa. Usiku mguu unatoweka kabisa na chengeu inakuwa mwili mmoja wa mwanga, bila doa, bila ukingo mkali. Hapa hakuna kugeuka kwa mbele na nyuma kama kwenye Mzinga. Kuna mwendelezo: kilicho cheupe mchana ndicho kinachowaka usiku, na kisichoonekana mchana ndicho kinachokwisha usiku. Ni jibu jingine kwa swali lilelile, nalo limesimama.

Lokki, yaani Shakwe, ya mwaka 1960, imelichukua wazo hilo hadi darini: sahani pana ya akriliki iliyovimba juu na chini, ikielea kama ndege aliyetulia hewani. Mwanga unasambaa pande zote kwa upole, meza ikapata zaidi kidogo. Udhaifu wake uko kwenye malighafi. Akriliki hukwaruzika, huvuta vumbi, na kila alama inaonekana kwa sababu mwanga unapita ndani yake. Shaba ya Tynell huzeeka na kupata heshima. Akriliki ya Nummi ikizeeka huonekana kuzeeka. Anayemiliki Lokki ya asili anamiliki kitu kinachodai kufutwa vumbi kwa kitambaa laini na mikono yenye subira.

Tapio Wirkkala, mchonga kioo mashuhuri, alifika mwisho wa njia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alibuni balbu ambazo zenyewe ni taa: kioo kikubwa chenye umbo lililochongwa, sehemu ikiwa na ukungu na sehemu ikiwa angavu, kikatengenezwa na kampuni ya Airam na kuning'inizwa kwa vishikio rahisi vya Idman. Chengeu na balbu vimekuwa kitu kimoja. Kwa hoja ni hatua safi kuliko zote. Kwa maisha ya nyumbani ina kasoro moja isiyofichika: balbu ikiungua, umbo lote linatupwa. Wazo likifika ukamilifu na kitu kikakosa kudumu, mhakiki anaheshimu wazo na kuendelea kutumia taa nyingine.

Balbu ni sehemu ya umbo

Jambo moja linawapita wanunuzi wengi wa leo. Taa hizi zilibuniwa kwa balbu ya uzi, ambayo Umoja wa Ulaya ulianza kuiondoa sokoni hatua kwa hatua mwaka 2009. Chanzo kidogo cha mwanga kikipita kwenye matundu hutupa nakshi kali ukutani. Chanzo kipana hutia ukungu nakshi hiyohiyo. Ukiweka ndani ya chengeu ya Tynell balbu ya LED pana, nyeupe kama maziwa, matundu yataonekana kwenye taa lakini hayataonekana ukutani. Ukiweka yenye mwanga wa kibuluu, shaba itageuka kuwa kama ugonjwa. Mzinga wa Nyuki huvumilia balbu ya ukungu, kwa sababu kazi yake inaishia kwenye kanda zenyewe. Modern Art inaihitaji. Basi anayeweka balbu isiyofaa ameshahariri kazi ya mtu mwingine bila kujua.

Urefu nao una neno. Kengele ya Dhahabu ikining'inizwa juu ya kimo cha mtu aliyesimama hupoteza maana, kwa kuwa aliyekaa chini ataiona balbu. Ikishushwa hadi karibu na meza, ukingo wake unafika mbele ya macho na utepe wa mwanga unafanya kazi. Kampuni ya Artek, iliyoanzishwa mwaka 1935 na akina Aalto pamoja na Maire Gullichsen na Nils-Gustav Hahl, bado inatengeneza taa za Aalto. Innolux inatengeneza za Nummi na Johansson-Pape, na Gubi ya Denmark imerudisha za Tynell. Nakala mpya iliyowekwa kwa urefu sahihi na balbu sahihi iko karibu zaidi na nia ya mbunifu kuliko ya asili iliyozimwa ndani ya kabati la kioo.

Hukumu yangu ni hii. Kwa ufundi wa mkono, hakuna anayempita Tynell, na kazi yake kubwa ni chengeu zake zenye matundu, si thurea za theluji. Kwa kumjali mtu anayekaa chini ya taa, Johansson-Pape ni wa kwanza. Kwa usafi wa wazo, ni Nummi na Modern Art yake. Kwa ukamilifu wa fani, pale umbo la mchana na la usiku yanapoandikwa kwa mistari ileile, nafasi ya kwanza ni ya Mzinga wa Nyuki wa mwaka 1953. Nawe msomaji, siku utakapokutana na mojawapo ya taa hizi kwenye jumba la makumbusho, dukani au nyumbani kwa mtu, omba iwashwe, kaa chini yake na usome kitu. Baada ya hapo ndipo uulize bei yake.